Pointi za taimusheya au keshi? Nataka kumpandisha mke wangu meli ya kitalii

#1 BabaZuhura (Tudor)

Assalamu alaikum, na wengine habari za jioni. Naombeni akili zenu, yangu imechoka.

Mwaka 2016 tuliitwa hoteli moja ufuo wa kaskazini, tukalishwa chakula cha mchana cha bure, tukatoka saa kumi jioni na mkataba wa taimusheya mkononi, yaani unanunua haki ya kupata malazi ya likizo kila mwaka. Si wiki maalumu, ni ile ya pointi unazobadilisha kwa vyumba au safari. Kila mwaka napata pointi 48,000 na kila mwaka nalipa ada ya matunzo. Tulianza na dola 310, mwaka huu nimelipa 576. Pointi zangu zafa tarehe 31 Desemba.

Januari tunatimiza miaka 25 ya ndoa. Bibi amenitajia meli tangu ile Norwegian Dawn ilipotia nanga Kilindini Januari 2025, tukaenda kuitazama pale Mama Ngina tukila mihogo ya pilipili na ndimu. Akaniuliza, "Sisi tutaangalia za watu mpaka lini?"

Sasa klabu yetu ya taimusheya ina safari ya meli ya usiku 4, inatoka Durban kwenda Msumbiji na kurudi. Wameandika bei ya kawaida dola 1,300 kwa watu wawili. Nikitoa pointi 40,000 nalipa dola 780 tu. Naokoa 520. Nikigawanya, kila pointi yanipa senti 1.3, na mimi naipata kwa senti 1.2 (576 kwa 48,000). Naona nimefaidi.

Lakini shemeji yangu asema lipa keshi uachane na mambo ya pointi. Nani ana haki?

#2 KijanaWaKisauni

Mzee, feri ya Likoni ni bure kwa anayekwenda kwa miguu. Haitaki pointi, haitaki dola, na bahari ni ileile.

#3 MamaPili_Bamburi

@KijanaWaKisauni na pia wapata jua, jasho na harufu ya samaki. Ni kifurushi kamili 😂

BabaZuhura hongera ya miaka 25. Tumia pointi. Si ushazilipia?

#4 MhasibuKizingo

Kabla hamjamtuma mtu baharini, swali moja. Hiyo 1,300 ni "bei ya kawaida" ya nani? Umefungua tovuti ya kampuni ya meli yenyewe ukaangalia meli ileile, tarehe ileile, chumba kilekile? Na uangalie vizuri, maana bei za meli huandikwa kwa kichwa, wawili chumbani. Wengine huiona nusu wakafurahi.

#5 BabaZuhura

@MhasibuKizingo kumbe hapo ndipo penye mwiba. Nimeangalia sasa hivi. Meli ileile, tarehe ileile, chumba cha ndani kisicho na dirisha: dola 530 kwa kichwa, yaani 1,060 sisi wawili, kodi za bandari ndani yake.

#6 MhasibuKizingo

Basi hukuokoa 520. Toa 780 kwenye 1,060, unaokoa 280. Gawa kwa pointi 40,000, ni senti 0.7 kwa pointi. Na klabu nyingi zina ada ya kubuku. Yenu ni ngapi?

#7 BabaZuhura

Dola 89. Iko chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya mchwa.

#8 MhasibuKizingo

280 toa 89 ni 191. Kila pointi yako imekulipa chini ya nusu senti, na wewe waipata kwa senti 1.2. Hizo pointi 40,000 zimekugharimu dola 480 za ada. Gharama yako kamili kwa njia ya pointi ni 780 na 89 na 480, jumla 1,349. Kwa keshi ni 1,060. Tofauti ni dola 289, ukiweka dola moja kwa shilingi 129 ni shilingi 37,281. Na hapo sijagusa zile pesa ulizonunulia mkataba 2016, hizo tumshukuru Mungu.

Lipa keshi.

#9 MamaPili_Bamburi

@MhasibuKizingo hesabu yako tamu lakini umemhesabia maiti. Ile 576 keshalipa. Hata akilala nyumbani hairudi. Pointi zisipotumika zinakufa Desemba. Kwa hivyo leo mkononi mwake chaguo ni mbili: kutoa 869 au kutoa 1,060. Kwa pointi anabaki na dola 191, ndiyo elfu 24 na ushei. Mie elfu 24 siitupi kwa ajili ya somo la uhasibu.

Biriani ikishapikwa huulizi mchele ulinunua bei gani. Wakula.

#10 MhasibuKizingo

@MamaPili_Bamburi ingekuwa kweli kama hiyo biriani haina mahali pengine pa kuliwa. Zipo njia nyingine za kutumia pointi. Ukizimalizia kwenye kitu kinachokupa nusu senti, umejinyima kile ambacho kingekupa senti mbili.

#11 SteadiMstaafu (Majengo)

Hodi. Mimi nimefanya kazi ndani ya meli za kitalii miaka kumi na moja, nikianzia kuosha sahani nikaishia kuhudumia mezani. Wote mnapigania bei ya tikiti. Tikiti ni mlango tu.

Kuna ada ya huduma ya kila siku, kwa kila mtu, inaandikwa kwenye akaunti yenu ya chumbani. Hailipwi kwa pointi. Weka kama dola 15 kwa kichwa kwa usiku mmoja: usiku 4, watu wawili, ni 120. Kuna vinywaji: chai, maji na juisi ya asubuhi pale kwenye mabafe ni bure, soda na juisi ya baa si bure. Intaneti ni ghali, zimeni simu. Matembezi ya kushuka nayo mnalipa. Nimeona familia zimekuja na tikiti ya bei ya kutupwa, siku ya mwisho baba anasimama pale mapokezi na karatasi ndefu kama risiti ya harusi, jasho linamtoka na kiyoyozi kiko wazi.

Na hicho chumba cha ndani, ukilipa keshi waweza kukichagua wewe kwenye ramani ya meli. Ukipitia klabu mara nyingi wanakupangia wao. Omba sitaha (ghorofa) za chini, katikati ya meli. Mbele kabisa mawimbi yakupiga, nyuma kabisa injini yakuimbia. Na usikubali kulala chini ya dansi. Nilikuwa na mgeni mmoja kila asubuhi anakuja kifungua kinywa macho mekundu, kumbe juu ya kitanda chake ndipo viti vya bwawa vinapoburutwa saa kumi na moja alfajiri.

#12 KijanaWaKisauni

Viti vyaburutwa saa kumi na moja! Huko ni meli ama matanga?

#13 Bi_Mkubwa_Kuze

Enyi watoto, mwasema meli kana kwamba imeanza jana. Marehemu baba yangu alipanda Karanja miaka ya 60, ile ya British India, Bombay, Seychelles, Mombasa mpaka Durban. Alisafiri sitahani na godoro lake na kikapu cha mahamri. Hakukuwa na pointi, kulikuwa na kutapika.

Na miaka ya 90 tulikuwa na Royal Star hapahapa Kilindini, inawapeleka wazungu Zanzibar na Ushelisheli. Tulikuwa tunaijua kwa honi yake.

#14 Mzalendo_Changamwe

Shikamoo Bi Mkubwa. Mie naogopa hizo meli. Si ile Achille Lauro ilitekwa na maharamia wa Somalia ikazamishwa?

#15 Bi_Mkubwa_Kuze

Marahaba. Hapana mwanangu, umechanganya. Achille Lauro ilitekwa 1985 huko bahari ya Mediterania, karibu na Misri, na waliokuwa na bunduki walikuwa Wapalestina. Ilikuja kuungua moto 1994 ikiwa pwani ya Somalia, ndipo ikazama. Mambo mawili, miaka tisa kati yake.

#16 SteadiMstaafu (Majengo)

Bi Mkubwa amesema sawa. Maharamia wa Somalia waliishambulia Seabourn Spirit 2005, na 2009 wakaijaribu MSC Melody ilipokuwa yatoka Durban kwenda Italia, walinzi wakawarudisha. Hizo mbili hazikutekwa. Ila hofu ile ndiyo iliyotufukuzia meli Mombasa miaka mingi. Safari ya Durban na Msumbiji iko kusini mbali sana na huko, Mzalendo lala usingizi.

#17 Mzalendo_Changamwe

Ahsanteni. Bado sipandi.

#18 DadaWaNyali

Nirudi kwenye uzi. Sisi tulifanya kama anavyosema MamaPili #9, na tulijuta, lakini si kwa sababu ya bei.

Tulibuku kwa pointi safari ya Desemba. Wiki mbili kabla, mama mkwe akalazwa. Tukaghairi. Kampuni ya meli ikasema sisi hatuwajui, aliyebuku ni klabu. Klabu ikasema sawa, pointi tunarudisha. Zikarudi Januari tarehe 9. Nafungua akaunti naona pointi zangu zote zimerudi, na mbele yake imeandikwa zimekwisha muda 31 Desemba. Nikapiga simu, yule dada akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Ni kweli madam zimerudishwa, ila zimerudishwa zikiwa zimekufa."

Zile dola tulizolipa juu yake tulipata sehemu. Ukilipa keshi moja kwa moja, angalau wajua unagombana na nani.

#19 MamaPili_Bamburi

@DadaWaNyali pole mwaya. "Zimerudishwa zikiwa zimekufa" naiandika ukutani.

#20 OmariHesabu (Likoni)

Nami niingize mkono. Nyote mmesahau kitu kimoja: keshi nayo ina kazi. Hiyo dola 1,060 ni kama 136,740. Ikikaa kwenye sacco yangu mpaka mwakani yazaa gawio. Pointi hazizai, zinaoza tu. Kwa hivyo kinachooza kiliwe kwanza. Niko na MamaPili.

#21 MhasibuKizingo

@OmariHesabu tofauti ni dola 191, si 1,060. Kwa njia zote mbili anatoa pesa. Gawio la elfu 24 kwa mwaka halinunui hata kilo mbili za nyama ya mbuzi hapo Marikiti... haya, labda mbili.

#22 OmariHesabu (Likoni)

Mbili bado ni nyama.

#23 FundiKanzu

Ndugu BabaZuhura, umesoma kama mkataba wako unaruhusu kuzisogeza pointi mwaka ujao? Wangu waruhusu kwa ada, mara moja tu.

#24 BabaZuhura

Nimeutoa kabatini. Kurasa 31. Ndiyo, waruhusu: dola 60, lakini niombe kabla ya tarehe 31 Oktoba. Zimebaki siku 12. Nikichelewa hapo hakuna.

#25 FundiKanzu

Basi zisogeze, lipa keshi kwa meli, na mwakani uwe na 96,000. Wende na wajukuu mahali pa maana.

#26 MamaPili_Bamburi

Na mwakani alipe tena 576 au zaidi (tangu 310!) kisha atafute wiki za kuzimaliza zote mbili. Huyo mtu anafanya kazi, atapata wapi likizo? Ndivyo tulivyosogeza sisi, tukaishia kulala hoteli ya Shanzu wiki mbili mfululizo. Sisi tunakaa Bamburi. Naiona nyumba yangu kutoka kwenye dari ya hoteli. Siku ya tatu mume wangu akawa anatoroka kwenda kulisha kuku.

#27 KijanaWaKisauni

😂😂😂 Huyo mzee apewe pointi za kuku.

#28 Ustadh_Mwembe

Kuna mtu ameuliza faragha kama biashara yenyewe yafaa kwa sheria ya dini. Sitoi fatwa mtandaoni. Ila ukinunua manfaa yanayojulikana, mahali pajulikane na muda ujulikane, hiyo yafanana na kukodi. Pointi zisizojulikana zitakupa nini, na muuzaji aweza kuibadili thamani akitaka, hapo ndipo mashaka yaingia. Muulizeni mwanachuoni wenu mkiwa na mkataba mkononi, si kwa mdomo.

#29 BabaZuhura

Ahsante Ustadh. Yule muuzaji alituambia "pointi ni kama dola tu". Nakumbuka kabisa, alikuwa na tai ya manjano.

#30 DadaWaNyali

Wote walikuwa na tai ya manjano.

#31 MtembeziDurban

Salaam kutoka Durban, mie ni wa Mtopanga ila nafanya kazi huku. Mwajisumbua bure. Afrika Kusini taimusheya iko kila kona, hasa pwani hii ya Durban na Umhlanga. Meli haikungoji: lazima uwe umefika angalau siku moja kabla, na usiku huo utalipa hoteli. Tumia pointi kulala Durban, lipa keshi kwa meli. Pointi zitumike kwenye vyumba, ndiko zilikozaliwa. Chumba chenye jiko, mke wako apike akitaka, mtembee wiki nzima, kisha mpande meli.

Viza Mkenya haulizwi tangu Januari 2023, siku 90. Ila cheti cha homa ya manjano mtadaiwa, na pasi ziwe na muda wa kutosha. Msumbiji nako hamhitaji viza.

#32 MhasibuKizingo

Hii ndiyo niliyokuwa natafuta tangu #10. BabaZuhura, angalia klabu wanataka pointi ngapi kwa wiki ya Durban, kisha uangalie chumba kama hicho kwa keshi ni ngapi.

#33 MamaPili_Bamburi

Angalia pia kama ungekaa Durban wiki nzima hata kama usingekuwa na pointi. Kama ungekaa usiku mmoja tu, basi usijihesabie faida ya usiku saba. Mtu hafaidiki kwa kununua kitu asichokuwa anakitaka, hata akipewa nusu bei.

#34 MhasibuKizingo

Kwa hilo nakubaliana na MamaPili. Andikeni tarehe.

#35 BabaZuhura

Nimerudi. Wiki ya Durban, chumba cha kulala kimoja na sebule, ni pointi 34,000 na ada ileile ya 89. Vyumba vya namna hiyo kwa keshi nimeviona vya dola 55 hadi 80 kwa usiku. Nikichukua 60 kwa usiku saba ni 420. Toa 89, ni 331 kwa pointi 34,000, karibu senti moja kamili. Ni mara mbili ya meli.

Shida: chumba kinaanza Jumamosi kwa Jumamosi, hawakubali siku nyingine. Meli yaondoka Alhamisi. Kwa hivyo ama tuingie meli tukiacha usiku mbili za chumba, ama tukae Durban siku tano tukirudi. Na nauli! Gari moshi mpaka Nairobi ni 1,500 kwa kichwa, sina neno, lakini ndege za Johannesburg na kuunga Durban zinazidi bei ya meli yenyewe. Hiyo hakuna klabu inayoilipia kwa pointi.

#36 OmariHesabu (Likoni)

Kumbe ubishi wote huu ni wa dola 191 na ndege peke yake ni zaidi ya mara tano yake?

#37 BabaZuhura

Ndiyo maana nilisema akili imechoka.

#38 SteadiMstaafu (Majengo)

Achia hizo usiku mbili, si dhambi. Abiria wangu walikuwa wakilipia meza na hawali.

Jambo moja la keshi: ukibuku mwenyewe, ukilipa amana, endelea kuangalia bei mpaka siku ya malipo ya mwisho. Ikishuka waandikie kabla hujamaliza kulipa, mara nyingine wanakurekebishia au wanakupa pesa za kutumia ndani ya meli. Kwa pointi hakuna hilo.

#39 KijanaWaKisauni

Mzee mie nanunua pointi zako zote kwa elfu kumi. Mchumba wangu ataka Zanzibar.

#40 FundiKanzu

@KijanaWaKisauni soma kwanza kama zahamishika. Za wengi zimefungwa kwa jina. Na akikuhamishia mkataba mzima, 576 za mwakani ni zako. Na wanao.

#41 KijanaWaKisauni

Nimejitoa. Feri ya Likoni inanitosha.

#42 BabaZuhura

Bibi amesoma uzi wote, tangu juu. Hakusema lolote kuhusu senti. Ameuliza tu kama chakula cha meli ni halali, na kama kile chumba cha ndani hakina dirisha kabisa au kina kidogo.

#43 SteadiMstaafu (Majengo)

Mwambie shemeji dirisha hakuna kabisa. Ukizima taa hujui mchana na usiku, weka saa ya kukuamsha kwa swala. Chakula: andikeni ombi wakati wa kubuku, msingoje kufika. Siku ya kwanza mwite mkuu wa mezani mumwambie tena kwa mdomo. Samaki, mayai na mboga hamtokosa. Na kama ataka dirisha, ulizia bei ya chumba cha nje kabla ya lolote, maana hapo hesabu zote za #5 mpaka #8 mnaanza upya.

#44 MhasibuKizingo

Kalamu ninayo.